Mke Hakuhesabiwa

"Usinishike mkono. Napanda mwenyewe."

Mwongoza wageni akaurudisha mkono wake. Pale penye mizizi yenye utelezi alizoea kumshika kila mtu, hata wazee wenye fimbo. Leo mkewe mwenyewe anamkataa.

Asubuhi alikuwa amepokea ujumbe wake, wa kwanza tangu mwanamke ahamie kwa wazazi wake: "Nipeleke kule kwenye mawe. Mimi na wewe tu." Weee! Alinyoa ndevu, akapiga shati pasi, akafagia hadi uvunguni mwa kitanda. Moyoni alishajiambia, mke anarudi.

"Maua yamechanua kweli mwaka huu," alijaribu. Ya njano na ya zambarau yalikuwa yamejaa kandokando ya njia, mengine yamechomoza kwenye nyufa za miamba.

"Nayaona."

"Unavyoyapenda!"

"Ndivyo ulivyowaambia watu."

Jamaa akaongeza mwendo.

Wakafika kwenye mawe marefu yaliyoegemeana msituni, yenye upenyo wa kupita mtu mmoja mmoja. Hapo ndipo waongozaji huhesabu wageni wao wanapotokeza upande wa pili. Siku ile ya mkosi, kabla mke hajahama, alihesabu, wakatimia, akaendelea nao. Mkewe, muuguzi aliyekuwa likizo na mimba changa, alikuwa amefuatana nao kunyoosha miguu tu. Hakuwa mgeni, alikuwa mtu wa nyumbani. Basi hakumhesabu.

"Niliangukia hapa," mke alisema. "Nikakuita weee, hadi sauti ikakauka. Nilikuwa nawasikia wageni wako wanacheka kule mbele, unawapigia hadithi zako."

"Nilijua uko nyuma yangu, mke wangu."

"Ukanikumbuka saa ngapi?"

"Tulipofika chini, kwenye gari."

"Mtoto alishatoka. Nilimpoteza peke yangu, nimekumbatia jiwe."

Mwanaume akashindwa kumtazama.

"Nisamehe. Ilikuwa bahati mbaya."

"Kunisahau nilishakusamehe. Lakini ukamwambia bosi wako kwamba niliacha njia kufuata maua! Ukamwambia na baba yangu! Mama yako akanitangaza kwa majirani, eti nimemuua mjukuu wake kwa utoto wangu. Na wewe upo, unakunywa chai, kimya!"

"Ningefukuzwa kazi. Tungekula nini?"

"Hapa mtandao unashika. Mpigie baba. Weka sauti kubwa."

Akatoa simu, akapiga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Mzee, nilikudanganya. Binti yako hakuacha njia. Mimi ndiye niliyemwacha nyuma. Sikumhesabu."



"Nilimgombeza mwanangu akiwa kitandani hospitali," mzee alisema, sauti imempasuka. "Nilimwambia ameniaibisha. Kumbe wewe!"

Simu ikakatwa.

Mwanaume akapiga magoti.

"Nimesema. Kesho nakwenda kwa bosi, halafu kwa mama. Bosi anifukuze, potelea mbali! Twende nyumbani sasa, mke wangu. Nimefagia kote."

Mwanamke akajifuta machozi kwa kanga.

"Asante kwa kusema. Kila nilipotaka kudai talaka, kwetu waliniambia mwenye kosa hana mdomo. Sasa ninao."

"Talaka? Si tumeshayamaliza?"

"Wewe ndiye uliyemaliza lako."

"Kwani hunipendi tena?"

"Nakupenda! Ningekuwa sikupendi ningelia hivi? Lakini siku ukibanwa tena utanitupia mimi lawama ujiokoe. Ndivyo ulivyo, na nimeshakujua. Siwezi kukuzalia mtoto mwingine huku naogopa."

"Nitabadilika, nakuapia."

"Badilika. Mimi sitakuwepo kuona."

Akafunga kanga vizuri kiunoni, akaanza kuteremka.

"Utakuja lini basi, hata tuongee?" mwanaume aliuliza, bado yuko magotini.

"Kaka atakuja kesho kuchukua nguo zangu. Usimsumbue."