Kingo za Chini ya Kigoda

Kila alipotoka shule, Chapuchapu alinawa mikono, akavuka barabara hadi karakana ya useremala na kuvuta kiti karibu na shangazi yake. Jina hilo alipewa nyumbani, kwa kuwa hakuna kazi aliyoifanya polepole. Vyombo vya watu sita alivimaliza kabla maji hayajapoa, ila sahani zilibaki na mafuta mgongoni.

Shangazi alikuwa mchoraji wa karakana. Alichora kwa kompyuta, na alichokichora kilionekana kwenye kioo kikiwa kizima, chenye mbele, nyuma na chini. Ungeweza kukigeuza kwa kipanya kama ugeuzavyo chungwa mkononi. Mchoro ukikamilika ulipelekwa kwenye mashine, nayo mashine ikakata mbao vilevile, bila kuuliza swali.

Wiki ile walichora vigoda thelathini vya darasa la watoto wadogo, alikosoma mdogo wake Chapuchapu, waliyemwita Kitumbo. Shangazi akamfundisha jambo jipya. Ubao ukikatwa huacha ukingo mkali. Kwa hiyo unaugusa ukingo huo kwa kipanya, unaandika kipimo, milimita tano, na kompyuta inaukata mshazari. Ukali unaondoka, panabaki mteremko mdogo usiodhuru mtu. Ubao wa kukalia ulikuwa na kingo kumi na mbili: nne juu, nne pembeni, nne chini.

"Za chini huzioni mpaka ukigeuze," alisema shangazi, akatoka kwenda kupima mlango wa mteja.

Chapuchapu alikata za juu, akakata za pembeni. Alipotaka kugeuza mchoro, kompyuta ikaganda. Nje wenzake walikuwa wanaruka kamba, na zamu yake ilikuwa inakaribia. Akakitazama kigoda kwenye kioo. Kilipendeza, huwezi kujua kama kimepungukiwa na kitu.

Shangazi aliporudi alimkuta mlangoni. "Umekigeuza chini?"

"Ndiyo, shangazi."

Neno moja tu, nalo likamtoka jepesi kama unyoya. Shangazi hakukagua. Kwenye karatasi ya kazi akaandika kwamba kingo zote zimekatwa.

Karatasi hiyo ilimfikia Babu Msasa, mzee aliyelainisha mbao zote za karakana. Kwa kuwa iliandikwa kingo zote, alipiga msasa juu tu, na vigoda vikapelekwa shuleni.

Siku ya tatu Kitumbo alirudi na kidole kimefungwa bandeji. Alikuwa amebeba kigoda chake, akakishika kwa chini kama watoto wote wanavyoshika, na kibanzi kirefu kikaingia chini ya ukucha. Muuguzi alikitoa kwa koleo. Mwalimu naye alimgombeza kwamba alikiburuta.

"Sikukiburuta," alimwambia dada yake. "Kigoda kina meno chini. Dada, si unajua kuchora? Nichoree kisichouma."

Jioni hiyo shangazi akaeleza mezani kwamba shule imelalamikia vibanzi, na msimamizi wa karakana amemlaumu Babu Msasa. Amemwambia macho yake yamechoka, na kuanzia Ijumaa akapumzike nyumbani. Chapuchapu akaacha kula. Akasema ana maumivu ya kichwa, akaenda kulala jua halijazama.

Alhamisi alikwenda karakana akiburuta miguu. Shangazi alikuwa uani, na mchoro wa kigoda ulikuwa wazi. Pembeni mwa kioo kompyuta huweka orodha ya kila hatua, na hatua yake ilikuwepo pale: kingo, nane. Siku zote hizo ilikuwepo, hakuna aliyeisoma.

Akashika kipanya. Leo kompyuta haikuganda. Angeongeza zile nne, orodha ingesema kumi na mbili, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Kupitia dirishani alimwona Babu Msasa akikunja vitambaa vyake vya kazi kimoja kimoja na kuvitia mfukoni. Kidole cha Chapuchapu kilikuwa bado juu ya kipanya.

Akakiachia. Akamwita shangazi, akamwomba amwite na msimamizi, na Babu pia. Akawaonyesha ile nane. Akasema hakukigeuza, na alipoulizwa alidanganya. Alisema yote huku akitazama sakafu.

Msimamizi alikuwa wa kwanza kumwomba mzee radhi. Shangazi akasema lawama si ya mtoto peke yake, kwa kuwa yeye aliithibitisha kazi asiyoikagua.

"Mjukuu," alisema Babu Msasa, "siku mbili hizi nimekuwa nafumba jicho moja, nafungua jingine, najipima. Nilianza kuamini kwamba mimi ni kipofu."

Hapo ndipo Chapuchapu alipolia.

Vigoda thelathini vilirudishwa, vikapangwa uani miguu juu kama mende waliopinduka. Kingo mia moja na ishirini. Jumamosi nzima Chapuchapu alikaa na Babu, kila mmoja na kipande chake cha msasa, na safari hii hakuna aliyemwona akikimbia. Alipotaka kuinama kuchungulia, mzee alimzuia.

"Usitazame. Pitisha kidole. Jicho huridhika na juu, lakini mkono wa mtoto unafika chini. Na uongo ni hivyo hivyo, mjukuu. Unauficha wewe, anachomwa mwingine. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kibanzi kingali kidogo."

Kitumbo alikuja kukagua chake. Akapitisha kidole kizima, polepole, pande zote nne, halafu akatangaza kwamba kimeng'olewa meno.

Jioni Chapuchapu aliosha vyombo. Maji yalipoa, yakabadilishwa, yakapoa tena. Kila sahani aliigeuza.