Dakika za Bwana Saa

Kila Jumamosi asubuhi, mama alisimamisha cherehani yake, akakung'uta vipande vya uzi kwenye sketi, kisha akaongozana na binti yake kwenda kumpigia simu bibi. Binti huyo alikuwa na miaka kumi na miwili, na watu walimwita Chiriku kwa jinsi alivyopenda kusema. Bibi ndiye aliyemlea hadi alipoanza shule. Sasa alikuwa mgonjwa, tena katika mji wa mbali.

Simu ya kulipia ya mtaa ilikuwa ndani ya duka la mzee mmoja aliyeitwa Bwana Saa, kwa sababu mteja akiongea, yeye hakuondoa macho kwenye saa yake. Dakika moja ilikuwa sarafu tatu. Jumamosi hiyo mama aliweka mezani sarafu tisa, zilizobaki baada ya kununua unga na sabuni.

"Leo nianze mimi," Chiriku alisema.

"Anza, lakini usimwage maneno kama maji. Tuna dakika tatu tu."

Sauti ya bibi ilikuwa nyembamba. Aliuliza habari za shule, akakohoa kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mjukuu wangu, kuna jambo nataka ulijue kabla..."

Bwana Saa akakata simu. "Dakika tatu zimekwisha."

"Mzee wangu, tuongezee moja tu. Nitakuletea pesa yako jioni," mama alimsihi.

"Simu haina mkopo, mama."

Jumatano bibi alifariki.

Wiki mbili baada ya msiba, Chiriku alitumwa posta kununua stempu. Kando ya dirisha la karani aliona karatasi yenye muhuri: simu za kulipia, sarafu moja kwa dakika. Aliisoma mara mbili.

"Shikamoo, mama. Hii bei ni ya hapa posta tu?"

"Marahaba. Ni ya simu zote, hata za madukani," karani alimjibu. "Kila mwenye simu amepewa karatasi hiyo, na lazima aibandike wateja waione. Kwani nyinyi mnalipa ngapi?"

"Tatu," Chiriku alisema, akamweleza duka la Bwana Saa lilipo.

Kesho yake karani alikwenda dukani na mkaguzi wa simu, Chiriku na mama wakiwa nyuma yao. Karatasi ilikuwepo ukutani, ila ilifunikwa na kalenda kubwa. Bwana Saa hakubabaika.

"Sikumshika mtu mkono," alisema. "Niliwatajia bei, wakalipa. Hata mmoja hakuuliza."

Mkaguzi aliing'oa kalenda, akamwandikia faini na kumwamuru atoze bei halali. Kisha akamgeukia mama. "Mna risiti, ili mrudishiwe alichowazidishia?"

Mama alitikisa kichwa. Kwa miaka miwili hakuwahi kuomba hata moja.

Njiani Chiriku alilia. "Yule ni mwizi. Kwa sarafu zile tungeongea na bibi dakika tisa."

"Ni mwizi, ndiyo, na ameadhibiwa," mama alisema. Alitembea hatua kadhaa bila kumtazama. "Lakini mimi wateja wangu hunibana hadi senti ya mwisho, nami siwalaumu, ni haki yao. Mbona kwa Bwana Saa nilifunga mdomo? Niliona haya, nisionekane maskini anayebishania sarafu. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ukinunua kitu, ulizia bei halali, soma kilichoandikwa, dai risiti yako. Anayekudhulumu ana kosa lake, lakini ukinyamaza unamrahisishia kazi. Kuanzia leo mtaa mzima utalipa sarafu moja, na hilo ni jema. Sisi tumechelewa."