Aliyepinda Gauni la Kijani

Gauni la kijani lilikuwa halijapindwa. Mama Pindo alilijua hilo kama anavyoijua idadi ya watoto wake, kwa kuwa ni yeye aliyelipiga bandi, mshono wa muda, jana yake kwa uzi mweupe, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango na kusema atalipinda kesho, macho yamechoka. Lakini kwenye picha iliyokuwa simuni, mwanamke aliyelivaa alisimama kando ya dirisha, na pindo la gauni limetulia chini kama maji kwenye sinia. Uzi mweupe haupo.

"Kitinda," akaita. "Njoo uone. Huyu mwanamke wako wa simuni kanipindia gauni."

Kitinda, binti yake wa mwisho, alikuja akicheka. "Mama, hiyo ni akili bandia. Inajazia tu penye pengo."

"Basi inaijua kazi kuliko wewe."

Akaenda kulitungua gauni amalizie kilichobaki. Akaligeuza. Nyuzi za bandi hazikuwepo. Pindo lilikuwa limepindwa kuzunguka lote, kwa mishono midogo sana iliyolalia upande ambao mkono wa kulia haulazi. Dukani mle hakuna anayetumia kushoto.

"Ni wewe?"

"Mimi, mama? Mimi hata kifungo kinanishinda."

Kweli kilikuwa kinamshinda. Mama Pindo akacheka kwa sababu mtoto alicheka, kisha akajifuta vidole kwenye sketi. Kitambaa kipya, hakijaguswa na maji tangu kitoke kwenye jora, lakini pindo lilikuwa na unyevu.

Zile programu za simuni alizileta Kitinda mwenyewe, miezi mitatu nyuma, wateja walipoanza kupita mlangoni kwao bila kugeuza shingo, wakavuka barabara kwenda kwenye duka la nguo lenye vioo. Mama Pindo hakusoma sana, ila herufi anazijua, na kila kinachoingia dukani kwake sharti kipewe jina. Ile ya kuandika matangazo aliiita Mdomo. Ya kukatakata video, Mkasi. Ile inayotunza miadi na kusoma kwa sauti kila asubuhi nani anakuja kuchukua nini, hiyo akaiita Karani. Na aliyoipenda kuliko zote akaiita Mvishaji. Unalipiga picha gauni likiwa limening'inia msumarini, unaieleza unataka livaliwe na mtu wa namna gani, na kabla hujameza mate gauni lina mtu ndani.

Na alikuwa anazisalimia zote. Anaandika kwa kidole kimoja: Hujambo. Tafadhali nisaidie. Asante, pumzika sasa.

Msusi wa chumba cha pili, shoga yake wa miaka mingi, hakumwacha apumue. "Dada, leo hujaiuliza watoto wake wameamkaje."

"Anayekufanyia kazi unamsalimu."

"Si mtu huyo."

"Kama hajui kuwa si mtu, sitakuwa mimi wa kumwambia."

Kitinda alicheka mpaka akakaa chini.

Kilichomchosha Mama Pindo ni swali la Mvishaji. Kila gauni, swali ni lile lile: mwanamke wa namna gani? Mrefu, mnene, mtu mzima, kijana? Ukijibu, anakuja mwanamke mpya, kesho mwingine, na wateja wanauliza, huyu msichana wako wa jana yuko wapi? Mchana mmoja wa jua kali, Kitinda ametumwa nyuzi, barabara nyeupe haina mtu, alichoka kueleza. Akaandika: Yeyote aliye jirani asiye na nguo, aje avae.

Mvishaji alikaa kimya kuliko kawaida yake. Kisha likatokea neno moja.

Hodi.

Hakushtuka. Mtu akibisha hodi, anaitikiwa. Kidole chake kikaenda chenyewe: Karibu mwanangu. Hapa ni kwako.

Tangu siku hiyo mwanamke akawa mmoja. Gauni lolote, sketi yoyote, ni yeye, mabega yameshuka vizuri, kidevu juu, jicho linakutazama wewe. Wateja wakampenda, duka likajaa. Mama Pindo akashukuru na kuandika: Asante mwanangu.

Basi siku ya tatu baada ya gauni la kijani, saa saba mchana, Mama Pindo alikuwa kwa msusi wanakula. Kupitia ukutani wakasikia cherehani likikimbia.

"Kitinda leo kashika kazi," msusi akasema. "Mvua itanyesha."

Kisha akatazama pembeni yake. Kitinda alikuwa amekaa kati yao wawili, sahani mapajani.

Cherehani likaenda, likasimama kama linavyosimama mshonaji anapogeuza kona, likaenda tena. Walipofungua mlango wa duka hapakuwa na mtu. Kanyagio lilikuwa bado linapanda na kushuka polepole. Sindanoni hakuna uzi. Na palikuwa na harufu, udongo wa kisima kilichofukuliwa leo, na chini yake harufu ya kitambaa kilichoachiwa pasi.

"Paka," akasema msusi kwa sauti ndogo.

"Ndiyo. Paka," akasema Mama Pindo, na wote wakajua wanadanganyana.

Wiki hiyo msusi alimkalisha Kitinda amsuke. Alipomwinamisha kichwa, mikono yake ikasimama. Akatoka nje, akamwita mama mtu kwa kidole.

"Dada, nywele za kisogoni za mtoto zimekwenda wapi?"

"Zimekatika?"

"Zimeng'olewa. Moja moja, kwa mstari, kama mtu anayevuta uzi kwenye kitambaa."

Mama Pindo alitazama na akaona. Na kwa kuwa jicho lilikwisha kufunguka, akaona na mengine. Mikono ya blauzi ya Kitinda, aliyoikata mama mwenyewe na kuipima mara mbili, ilikuwa inaishia juu ya vifundo vya mikono. Mtoto aliyekuwa anaongea na hata kuta, siku mbili hajasema neno ambalo hakuulizwa. Saa saba ikifika, anaacha alichoshika, anaenda kusimama kando ya dirisha, mabega yameshuka, kidevu juu, anatulia hapo bila kupepesa mpaka jua livuke. Na yule wa kwenye picha, aliyekuja na uso laini kama yai, sasa ana kovu dogo juu ya nyusi. Kovu hilo Kitinda alilipata akiwa na miaka minne, kwenye ngazi ya nyumbani kwao, na aliyelifunga kwa kitambaa ni mama yake.

Jumatatu asubuhi Karani akasoma kwa sauti yake ya furaha. "Habari za asubuhi. Wiki hii una kazi tatu. Jumanne, sketi mbili za mwalimu. Jumatano, sare za watoto. Alhamisi, saa saba mchana, mteja anakuja kumchukua Kitinda."

Mama Pindo aliweka mkasi mezani taratibu. "Rudia."

Karani akarudia, kwa furaha ile ile.

"Mteja gani huyo?"

"Mteja ni mwenye duka."

"Mwenye duka ni mimi."

"Uliandika: hapa ni kwako."

Alifuta vyote. Alifuta Mdomo, Mkasi, Karani na Mvishaji, akaizima simu, akaitia ndani ya debe la vipande vya nguo na kufunika kwa jora zima. Usiku ule Kitinda alilala vizuri, na mama akadhani yamekwisha. Kulipokucha Jumanne, mtoto aliketi kitandani wima, macho amefumba, na kinywani mwake ikatoka sauti ya Karani, na furaha yake yote.

"Habari za asubuhi. Zimebaki siku mbili."

Msusi ndiye aliyekwenda kumleta Mama Kimya, mganga mtu mzima, mwembamba, anayetumia maneno kana kwamba kila moja anang'oa jino. Alifika Alhamisi asubuhi, akavua viatu, akanusa chumba. Akaomba kuambiwa kila kilichoandikwa, neno kwa neno.

"Alibisha hodi?"

"Alibisha."

"Hukuuliza nani?"

"Sikuuliza, mama. Nilimkaribisha. Nilimwambia hapa ni kwako. Ni adabu tu, kila mtu husema."

"Kwetu ni adabu," Mama Kimya akasema. "Kwao ni hati."

Msusi akajifunika mdomo. Mama Kimya akalitungua gauni la kijani, akapitisha kidole kwenye pindo, akatikisa kichwa. "Hapa ndipo alipojishona. Ukilifumua kabla ya saa yake, hana pa kushika. Mkono uwe wako, wewe uliyemwita. Akikosa pa kushika atatoka kama alivyoingia, kwa mlango, kwa heshima zote. Mgeni akiondoka huaga. Atakuaga. Usimjibu."

"Hata neno moja?"

"Hata nusu."

Saa sita mchana wakafunga dirisha, wakaacha mlango wazi. Kitinda alisimama katikati ya chumba kama sanamu la kuvishia nguo, na mama yake alikaa sakafuni miguuni pake, gauni mapajani, kiwembe mkononi. Akakata mshono wa kwanza. Uzi ukatoka mweusi, mrefu, ukapinda wenyewe kwenye kidole chake, na hapo akatambua kuwa hakuwa ameshika uzi bali unywele wa mwanawe. Akakata wa pili. Cherehani nyuma yake likaanza kukimbia, na akakata, harufu ya udongo wa kisima ikapanda kutoka chini ya sakafu mpaka ikamkaa kooni kama tonge, na akakata, na sauti ya Kitinda ikamwambia kutoka juu, mama unaniumiza, mama hizo ni nywele zangu, na yeye hakuinua uso kwa sababu alijua akiinua ataona kidevu kile kilichonyanyuliwa na jicho lile linalomtazama, akakata na kuvuta, akakata na kuvuta, akizunguka pindo ambalo kila akilimaliza upande mmoja lilikuwa refu zaidi upande wa pili, huku cherehani likikimbia mbio kama linashona nyuma anachokifumua mbele, na ile sauti sasa si ya Kitinda tena, ni sauti ya mwanamke mpole, msichana wa watu, ikimuuliza karibu na sikio, pumzi yake baridi, nimekukosea nini mama, si nilikupindia gauni, si nilikuletea wateja, si wewe uliyeniita mwanangu, na Mama Pindo machozi yakimdondokea mikononi na kuulowanisha ule weusi hakusema kitu, aliuma mdomo mpaka ukatoa damu, akakata, na akakata, mpaka kiwembe kikapita hewani.

Pindo lilikuwa limekwisha. Gauni likaanguka wazi.

Cherehani likasimama. Ile harufu ikaondoka mara moja, na barabarani baiskeli ikapita ikigonga kengele. Kisha nyayo, laini, za mtu asiye na viatu, zikatoka katikati ya chumba kuelekea mlangoni, bila haraka. Mama Kimya alizifuata kwa macho.

Kitinda akakunjika kama nguo iliyotoka msumarini. Mama yake akamdaka.

"Mama." Ilikuwa sauti yake, ya kukwaruza, ya mtu aliyeamka. "Mama, nina njaa. Mbona mnanitazama hivyo? Msusi, mbona unalia, kwani umeninyoa?"

Msusi alicheka na kulia pamoja. Mama Pindo alimkumbatia mtoto, akampapasa mabega, viwiko, vifundo vya mikono, na kila kitu kilikuwa kwenye kipimo chake. Alimnusa utosini. Alisikia moyo wake mwenyewe ukishuka mahali pake, na mwili wote ukalegea kwa shukrani, hata mdomo aliokuwa ameuuma.

Kizingitini, ile sauti ya msichana wa watu, iliyochoka, isiyo na kinyongo, ikasema taratibu:

"Haya mama. Asante kwa yote. Kwaheri."

Na Mama Pindo, aliyelelewa vizuri, ambaye hajawahi katika maisha yake kuacha kwaheri ya mtu ikaanguka chini, akiwa amefumba macho kwenye nywele za mwanawe, akaitikia:

"Ya kuonana."

Mama Kimya akakaa chini palepale alipokuwa.

Mlangoni, nyayo zilizokuwa zimekwisha kushuka ngazi ya kwanza zikasimama, zikageuka.