Taulo Kavu la Jorrit

"Soma kwa sauti, Jorrit. Shairi lako, mdomo wako," mama yake alisema.

Ilikuwa jioni ya Mtakatifu Nikola, nyumbani kwa mama huyo, Bi Hiltje, mjini Sneek, Uholanzi. Wiki tatu nyuma kila mmoja alichomoa karatasi yenye jina la mwenzake, amtungie shairi la kumsema bila kujitaja. Aliyetungiwa ndiye husoma, na kukasirika ni marufuku. Jorrit akameza kipande cha chokoleti yake yenye umbo la herufi J, akasimama.

"Jorrit bingwa wa mabwawa, mwogeleaji hodari,
Alhamisi hukosei, mwaka mzima tayari;
Taulo huenda kavu, larudi kavu vizuri,
Limekunjwa vilevile, kama lilivyosafiri."

Dada yake, Anke, alicheka mpaka akapaliwa na biskuti. Jorrit naye akatabasamu kwa fahari.

"Ni kweli. Mimi vitu vyangu navitunza."

Wietske, mchumba wake, hakucheka. Alikuwa mwalimu wa fasihi, na miaka yote minne ya uchumba alihangaika kumweleza mwanaume huyu kinaya ni nini. "Nikikwambia umewahi, Jorrit, ujue umechelewa," alikuwa akimwambia. Wapi! Harusi ilikuwa Mei, na nyumba aliyopanga Wietske alishairudisha kwa mwenye nyumba.

"Jorrit, hapo hujasifiwa."

"Sijasifiwa vipi? Si imeandikwa bingwa?"

"Hicho ni kinaya. Mtu aliyeogelea kweli, taulo lake linarudije?"

"Limelowa," Jorrit alijibu upesi, kwa furaha ya kulijua jibu.

Anke aliacha kucheka.

Simu ya Jorrit ikawaka pale mezani, katikati ya maganda ya machungwa. Wietske ndiye aliyekuwa karibu nayo, akausoma ujumbe.

"Mpenzi, kesho tulimwagie taulo maji kidogo, mama yako asije akashtuka. Marloes."

"Marloes ndiye nani?"

"Ni... kocha."

"Kocha wa nini?"

Jorrit alitazama soksi zake. Wietske akamgeukia Bi Hiltje, aliyekuwa ameshika birika la chai.

"Mama, ni wewe uliyeandika."

"Ni mimi. Nguo zake nafua mimi, mwanangu. Nilimuuliza mara mbili, akaniambia nazeeka. Wewe ningeanzaje kukwambia? Nikasema akisoma mwenyewe mbele yetu, atashtuka, ataacha. Sikujua kama hata hataelewa."

"Tashtiti, dhihaka kama hii, ni ya kumrekebisha mtu, mama. Lakini lazima ajue kwamba anachekwa yeye."

Wietske moyo ulimuuma hasa, kwa sababu alimpenda mjinga huyu, na kumbe mjinga alikuwa yeye. Akavua pete, akaiweka juu ya shairi. Bi Hiltje mwenyewe ndiye aliyemletea koti.

"Hongera sana, Jorrit," Wietske alisema mlangoni. "Zawadi nzuri namna hii sijawahi kupewa."

Jorrit aliinua uso, macho yamejaa matumaini.

"Kwa hiyo hujakasirika?"