Hadithi ya Bibi Iliyokatizwa

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishonea sebuleni, na papo hapo alisimamia masomo ya binti yake, mguu ukiwa kwenye pedali.

"Dhamira ni nini?"

"Ni jambo kuu ambalo mwandishi anataka tulielewe."

"Haya. Muhtasari?"

"Ni ufupisho wa habari."

Jioni moja bibi alipoanza kumsimulia mjukuu wake hadithi, mama alimkatiza. "Mama, usimpotezee muda mtoto. Ana maneno ya kukariri." Bibi aliiacha hadithi hapo hapo. Hakuwa mtu wa kubishana. Baadaye akaugua, akafariki kabla ya mtihani.

Mtihani ulisema: Soma hadithi hii, kisha andika muhtasari wake. Binti aliandika: "Muhtasari ni ufupisho wa habari." Akafeli. Shule ilimpa nafasi moja tu ya kurudia mtihani. Akishindwa tena, angerudia darasa.

"Nimekukaririsha mpaka koo limenikauka!" mama alifoka.

Jirani yao, mtunzaji wa maktaba, alikuwa amekuja kufupishiwa sketi. Aliisoma karatasi ile.

"Usimgombeze, fundi. Majina anayajua. Wenye majina ndio hajakutana nao." Akamgeukia binti. "Nipe hadithi yoyote, mwanangu."

"Ya bibi. Mfinyanzi mmoja aliishi mtoni. Alikuwa na haraka, akauza vyungu vibichi, kabla ya kuvichoma. Vikavunjika, wateja wakamkimbia."

"Mfinyanzi ndiye mhusika mkuu. Mtoni ndiyo mandhari, yaani mahali pa hadithi. Kukimbiwa na wateja ndio mgogoro, tatizo linalomsumbua. Fundi, ukifupisha sketi, unakata kiuno?"

"Aa! Itavaliwa vipi?"

"Basi na muhtasari ni hivyo. Punguza maneno, bakiza mambo makuu, useme kwa maneno yako. Sasa, mfinyanzi aliishia wapi? Mara nyingi mwisho hutuonyesha dhamira."

Binti aliinamisha kichwa. "Sijui. Hatukufika."

"Fundi, mama yako hakukusimulia?"

Mama aliacha kukanyaga pedali. "Alinisimulia. Lakini kila mtoto alimtungia mwisho wake. Wa huyu alikuwa bado hajausema." Majuto ni mjukuu, na siku hiyo yalimfika.

Tangu hapo waliazima vitabu maktaba. Walisoma pamoja kila jioni, nguo za wateja zikisubiri. Mama hakuuliza tena maana ya maneno. Aliuliza, "Ni nani huyu? Yuko wapi? Ana tatizo gani? Limeishaje? Tumejifunza nini?" Binti alijibu, akaandika kwa ufupi. Wakati mwingine walibishana, na mama akashindwa.

Binti alirudia mtihani, akafaulu. Alikuja mbio na karatasi yake. Mama alimkumbatia, akacheka, kisha akaanza kulia.

"Mama, si nimefaulu?"

"Umefaulu, mwanangu. Ningemwacha bibi yako amalize. Haikuwa hadithi ndefu."