Dozi ya Jumamosi

Lifti ya jengo la vitambaa iligoma saa sita mchana, watu wamejaa chini wanasubiri, na ndani yake alikuwamo mshonaji wa ghorofa ya nne, peke yake, amekumbatia gauni la bibi harusi aliyekuwa juu akingoja kulijaribu. Kwanza aligonga. Kisha akatukana kidogo. Ndipo akasikia sauti ya mwanaume upande wa pili wa mlango, sauti isiyo na haraka hata chembe, ikiuliza kama gauni limeumia.

"Gauni?" mshonaji alisema. "Na mimi je?"

"Wewe unaongea, kwa hiyo u mzima. Gauni ndilo halijasema kitu."

Mlango ulipofunguka alimkuta fundi wa lifti amepiga magoti, ovaroli lake la buluu limenyooshwa pasi (nani anapiga pasi ovaroli, jamani?), amenyoosha mikono kupokea gauni kwanza, halafu mwenyewe. Mshonaji alivaa sketi ya kijani aliyojishonea, ilimkaa, na alijua imemkaa. Walitazamana kupita kiasi kinachohitajika kutoka kwenye lifti. Jioni walishapeana namba. Alimwita "fundi wangu", naye akamwita vilevile, mpaka washonaji wa ghorofa ya nne wakachoka kuwasikia.

Sasa, mapenzi ya watu wazima yana macho. Mwezi wa pili mshonaji aligundua kwamba kila asubuhi, saa moja mpaka saa mbili, simu ya fundi wake haipatikani. Jumatatu haipatikani. Jumapili haipatikani. Sikukuu, watu wote wamelala, haipatikani. Alipouliza aliambiwa ni mambo ya kazi. Lifti gani hiyo inaharibika kila siku saa moja kamili? Dada yake mkubwa, aliyeachika mara mbili na kwa hiyo akajiona bingwa wa mambo hayo, hakumung'unya maneno: "Mdogo wangu, mwanamke wa usiku ni hawara. Mwanamke wa saa moja asubuhi ni mke."

Mshonaji akambana fundi mchana kwenye ngazi za jengo, wakila. Fundi aliweka kijiko chini. Akasema hana mke. Akasema alivuta na kujidunga unga miaka sita, na sasa ni mwaka wa pili anatibiwa. Mara mbili alikaa kwenye nyumba za kuachia dawa za kulevya, na humo ndani alikuwa malaika. Akitoka tu, mtaa unamdaka kabla hajafika kwake. Safari hii anatibiwa huku anaishi. Kila asubuhi anakwenda kliniki, anazima simu na kuiacha getini, anakunywa dirishani, mbele ya nesi, dawa ya maji inayokata hamu ya unga, nesi anamsemesha ahakikishe amemeza, halafu huyo kazini. Jumatano jioni anakaa na wagonjwa wenzake na mshauri, wanazungumza.

"Na dawa yenyewe haitoki nje ya lile dirisha," alisema. "Hata tone, maana wapo wanaoinunua walewe. Ukiiona mtaani ujue imeibwa."

Ungedhani ukweli utamaliza shaka. Wapi! Mshonaji alikuwa na kaka yake, naye unga ulimmaliza. Kabla ya kufa alibeba akauza kila kitu cha nyumbani, mpaka cherehani ya kwanza ya mshonaji mwenyewe. Mama yao alimzika, na tangu siku ile ndani ya nyumba yao haikutajwa alikufa na nini. Kwa hiyo mshonaji aliwajua watu wa unga. Alijua wanavyoapa.

Alimpenda fundi, hilo nalisema bila kubahatisha. Alimpenda mpaka akawa anakosea vipimo vya wateja. Lakini fundi akipiga chafya, anamtazama pua. Akinyamaza, anamtazama macho. Akichelewa dakika kumi, anataka kujua zimekwenda wapi. Fundi hakulalamika. Alizoea kufika, kukunja mikono ya shati kabla hajaombwa na kuilaza mikono yake mezani ikaguliwe alama za sindano, ndipo aulize habari za kutwa. Mshonaji aliona aibu, na alitazama hivyo hivyo.

Ikapangwa Jumamosi ya kwenda kwa mama yake mshonaji, mji mwingine, mwendo wa kutwa, fundi akajitambulishe. Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mama hakuwa ameambiwa neno juu ya kliniki. Mshonaji alisema watamwambia baadaye, na fundi alikubali kwa shingo upande.

Ijumaa alasiri mshonaji alikwenda chumbani kwa fundi kumjaribisha shati jeupe alilomshonea kwa safari. Fundi akatoka kwenda kuoga. Mfuko wake wa vifaa ulikuwa chini ya meza. Mtu mwingine angeuacha. Mshonaji aliuvuta, akapekua bisibisi, koleo, soksi, na ndani ya soksi akashika chupa ndogo yenye maji ya rangi ya waridi.

Hakusoma karatasi iliyobandikwa. Kichwani lilikuwamo neno moja tu: imeibwa. Aliimimina yote kwenye sinki, akafungulia bomba, na alikuwa analia kabla chupa haijaisha.

Fundi aliingia na taulo begani. Aliangalia chupa, akaangalia sinki, akakaa kitandani polepole.

"Soma," alisema.

Mshonaji akasoma. Jina la fundi, tarehe ya kesho, muhuri wa kliniki. Karibu miaka miwili bila kukosa hata siku moja, ndipo kwa mara ya kwanza wakamwamini na dozi ya kubeba, moja tu, kwa sababu basi linaondoka dirisha halijafunguliwa. Alitaka kumwambia wakiwa wamekaa ndani ya basi, aone atakavyofurahi.

"Nitakwenda kuwaambia ni mimi," mshonaji alisema.

"Kila mvuta unga ana mtu aliyemmwagia, fundi wangu. Hizo hadithi wanazijua. Wataandika nimeuza. Wao wameniamini. Wewe utaniamini lini? Nitajie tarehe, nisubiri."

Mshonaji akaokota chupa tupu. Fundi akamwambia safari haipo tena, na arudi kwake.

Jumamosi saa mbili asubuhi mshonaji alikuwa kliniki, chupa tupu ameifunga kwenye leso. Getini wakachukua simu yake. Kwenye foleni walikuwamo mwalimu na madaftari yake, mama amebeba mtoto mgongoni, dereva aliyeacha gari nje, taa za dharura zinawaka. Watu ambao angewashonea nguo bila kuwashuku. Fundi alikuwa kwenye benchi, amenyimwa kwa kuwa dozi ya leo alishapewa, na dawa ya jana imemwishia: jasho linamtoka, anapiga miayo mfululizo. Alimwona, akageuza uso.

Nesi wa dirishani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo nimeisikia mara hamsini, dada. Wewe nani wake?"

"Mchumba."

"Wachumba ndio wanaokunywa. Kunja mikono ya nguo, nione."

Alikunja, foleni nzima inatazama. Nesi aliigeuza mikono ile kama mtu anayechagua nyanya, akampa kikombe cha mkojo, akamwonyesha choo. Mhudumu akasimama mlangoni kumchunga. Mshonaji hakuwahi kudhalilika hivyo, na mle chooni ndimo alimoelewa fundi wake alivyoishi naye miezi yote ile.

Kipimo kilitoka safi. Daktari alimmulika fundi macho, akasema huyu hajapata dawa tangu jana, apewe ya leo. Ila dozi ya kubeba ilifutwa kwa miezi sita, na hata ikirudi, itatunzwa na mtu wa familia aliyeandikishwa.

"Niandike mimi," mshonaji alisema.

"Kwenu wanajua?" daktari akauliza. "Hatuandiki mtu ambaye bado anamficha."

Mshonaji alitoka nje akamkuta fundi ameshakunywa. Alimwambia ukweli kama ulivyo: "Sijui kama nimeacha kukushuku. Lakini nataka kuacha." Kisha akaenda getini, akachukua simu, akampigia mama. Fundi alisimama hatua mbili nyuma, hataki kusikia, na anasikia.

"Mama, hatukupanda basi. Mwanaume wangu alikuwa anavuta unga, kama kaka. Anatibiwa. Dawa yake ya leo niliimwaga mimi."

Mama akauliza kama mwanaume huyo amelazwa huko. Hapana, anakunywa, anakwenda kazini, jioni anarudi kwake.

"Kumbe inawezekana," mama alisema. "Sisi mwenzake, kaka yako, tulimfungia chumbani. Mpe simu."

Fundi alijifuta mikono kwenye suruali kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekunywa dawa?"

Mshonaji akamshika mkono, wala hakuutazama.

"Nimekunywa, mama."

"Vizuri. Basi msije. Jumatatu nitakuwa hapo, nikusindikize ukanywe dawa."