Alama ya Chaki

Rafiki yangu ni fundi wa vigae, na fundi wa vigae hanunui nyumba kwa macho. Anagonga. Kigae kilichoshika vizuri kinalia "ti". Chenye uwazi chini yake kinalia "bo", na hicho anakichora msalaba kwa chaki.

Alasiri moja alikwenda kukagua nyumba mpya, kwenye mtaa wa nyumba zilizofanana kama ndugu wa tumbo moja. Muuzaji alibaki mlangoni, amekunja uso kama aliyelamba ndimu.

"Unanunua au unanipotezea muda?"

"Ingia tuangalie wote, ndugu yangu."

"Mimi humo siingii."

Rafiki yangu akaingia peke yake mpaka stoo. Haikuwa na dirisha, na umeme ulikuwa haujaunganishwa. Akapiga magoti gizani, akagonga kwa mpini wa mwiko: ti, ti, ti. Safi kabisa. Alipoacha, kitu kikaanza kugonga kutoka chini ya sakafu. Na usiniambie panya! Panya hagongi kigae kimoja kimoja. Kikaja taratibu, ti, ti, ti, mpaka chini ya magoti yake.

Bo.

Kimya. Kisha, huko huko chini, akasikia chaki ikichora mstari mmoja, na wa pili ukiukata wa kwanza.